Ushahidi wa Tope la Mto

Watu wengi wakitaka kujua hali ya mto huyatazama maji. Yakiwa maangavu husema mto ni safi. Yakiwa mekundu kwa udongo husema mto umechafuka. Hiyo ni hukumu ya jicho, na jicho ni hakimu mwenye haraka. Maji ni msafiri. Yaliyopita chini ya daraja asubuhi hayapo tena adhuhuri, na mtu aliyeyachota akayapima amepima saa moja tu katika maisha ya mto. Tope ni mkaaji. Hulala chini, hupokea kila kizamacho, na hutunza lilichopokea. Kwa sababu hiyo wataalamu watafutao habari za metali nzito katika mito hawatosheki na chupa ya maji. Huinama wakachota tope. Insha hii yahusu tope hilo, namna linavyoulizwa, na haki ya watu wakaao kando yake kulisikia jibu.

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, wala sina dawa za kupimia isipokuwa maneno. Niliingia katika jambo hili kwa mlango wa lugha. Mwanafunzi mmoja wa sayansi alinijia akiomba nimsaidie kupata maneno ya kuwaeleza wakulima wa mboga wa kando ya Mto Ngerengere, jirani na Msamvu, kazi aliyotaka kuifanya mtoni kwao. Alikuwa nayo maelezo yaliyokamilika kwa Kiingereza, lakini alipojaribu kuyasema kwa lugha ya mama yake yalimponyoka kama kambare mkononi.

Neno la kwanza halikutusumbua. Mashapo ni yale yajikusanyayo chini ya chombo kiowevu kinapotulia, na kila aliyewahi kumaliza kikombe cha kahawa anayajua. Mto nao ni chombo, na tope lake ni mashapo yake. Taabu ilianza kwa neno la pili. Wengi wetu hatutofautishi metali na madini, na neno madini katika nchi yetu limefungamana na bahati. Mwambie mtu wa Morogoro kwamba mtoni kumeonekana madini mazito, naye atakwenda kutafuta sepeto na karai. Risasi, ambayo ni mojawapo ya metali hizo, kwa watu wengi ni kitu kitokacho katika mtutu wa bunduki. Ukisema imo katika tope, msikilizaji atauliza ni vita gani vilivyopiganwa pale. Basi ikatulazimu kuanza mbali kidogo, na msomaji aniwie radhi nikimpitisha njia hiyohiyo.

Metali nzito huitwa hivyo kwa kuwa umbo dogo la metali hiyo lina uzito mkubwa. Chombo cha lita moja kikijazwa maji kina uzito wa kilo moja. Kikijazwa risasi kina uzito wa kilo zaidi ya 11. Katika kundi hilo wamo risasi, zebaki, kadimi, kromi, nikeli, shaba na zinki. Hazina tabia moja. Shaba na zinki mwili wazihitaji kwa kiasi kidogo, nazo hudhuru zikizidi. Risasi, zebaki na kadimi hazina kazi yoyote ijulikanayo katika mwili wa mwanadamu, na kwa risasi Shirika la Afya Duniani limesema kwamba hakuna kiwango kijulikanacho kuwa ni salama. Huwadhuru zaidi watoto, kwa kuwa huishambulia akili ingali ikikua. Jambo moja huziunganisha zote: haziozi. Ganda la ndizi likitupwa mtoni huliwa na vijidudu likatoweka. Metali huweza kuhama, kubadili sura, kujificha na kufichuka, lakini kutoweka haiwezi.

Sasa tuutazame mji wenyewe. Msamvu ni njia panda. Barabara itokayo Dar es Salaam hufika hapo ikagawanyika, moja ikaelekea Dodoma na nyingine Iringa, na kituo cha mabasi hakilali. Upande wa kusini wainuka Milima ya Uluguru, ambayo vilele vyake vimepita mita 2,600. Kutoka mlimani Mto Morogoro hushuka, ukaukata mji, ukaingia Ngerengere. Ngerengere nao hukusanya vijito vya upande wa magharibi, hutulia kwanza katika Bwawa la Mindu, lililojengwa katika miaka ya 1980 na ambalo huunywesha mji. Kisha huuzunguka mji kwa kaskazini na kushika njia ya mashariki mpaka Ruvu. Ruvu ndio mto ambao Dar es Salaam huutegemea kwa maji, na mwisho wake ni baharini, karibu na Bagamoyo. Kwa hiyo kinachozama jirani na Msamvu hakiwahusu watu wa Msamvu peke yao.

Na vizamavyo ni vingi. Chukua gari moja tu katika maelfu yapitayo hapo. Mpira wa gurudumu una zinki, na kila unapolika huacha vumbi barabarani. Breki aghalabu zina shaba. Betri ina risasi na tindikali. Ongeza mabati ya nyumba, ambayo hupakwa zinki ili yasishike kutu, na rangi kuukuu za kuta na milango. Ongeza mrututu ambao wakulima huutumia kuzuia ukungu wa mimea, nao ni chumvi ya shaba. Ongeza mbolea za fosfeti, ambazo nyingine huwa na kadimi kidogo tangu zilipochimbwa ardhini. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 Morogoro ulijengwa viwanda vya ngozi, viatu, nguo na turubai, na inajulikana kwamba ngozi nyingi ulimwenguni hutengenezwa kwa chumvi za kromi. Hata petroli yenyewe ilikuwa na risasi, mpaka nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilipomaliza kuiacha mwanzoni mwa mwaka 2006. Moshi wa miaka ile ulianguka kandokando ya barabara, na mvua za masika huosha barabara. Simtuhumu mwenye kiwanda, fundi wala mkulima. Nasema tu kwamba mahali palipo na vyanzo vingi namna hii, swali ni halali.

Msamvu inaujua msiba uonekanao. Tarehe 10 Agosti 2019 lori la mafuta lilipinduka hapo, watu wakakusanyika, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakapoteza maisha. Nchi nzima ilisikia na kulia. Sumu ya metali haina moshi wala kishindo. Hakuna siku moja ambayo mtu aweza kuitaja akasema, siku hiyo ndipo ilipotukia. Mji wa Minamata, katika nchi ya Japani, ulijifunza hayo kwa gharama isiyolipika. Kiwanda kilimwaga zebaki katika ghuba. Zebaki ikazama katika tope, samaki wakaibeba, watu wakala samaki. Ugonjwa ulitangazwa rasmi tarehe 1 Mei 1956, lakini serikali ilikiri chanzo chake mwaka 1968, miaka kumi na miwili baadaye. Na hata kiwanda kilipoacha kumwaga, tope liliendelea kukumbuka. Tangu mwaka 1977 hadi 1990 ilibidi tope la ghuba ile, mita za ujazo zipatazo milioni 1.5, lichimbuliwe na kufukiwa, na hekta 58 za bahari zikageuka nchi kavu. Mficha maradhi, kifo humuumbua.

Tope huulizwaje? Kwanza huchaguliwa mahali pa kulichota. Mto unapokwenda mbio hubeba chembe laini na kuacha mchanga na changarawe. Unapotulia, katika kona au nyuma ya jiwe kubwa, huziweka chembe laini chini. Metali hupenda chembe laini. Hujishika kwenye udongo wa mfinyanzi, kwenye kutu ya chuma iliyozifunika chembe, na kwenye mabaki ya majani yaliyooza. Kwa hiyo anayechota mchanga mtupu amemwuliza shahidi asiyekuwapo. Mchotaji hutumia mwiko wa plastiki au mti, maana sepeto la chuma laweza kuutia ushahidi maneno yake. Tope hukaushwa, hutwangwa, huchekechwa kwa chekeche lenye matundu ya milimita 0.063, kisha huyeyushwa kwa tindikali kali. Kiowevu kipatikanacho hugeuzwa ukungu na kupitishwa motoni, na mwanga ukapitishwa katika moto huo. Kila metali hunyonya mwanga wake wenyewe na kuuacha wa mwenzake, kama mtoto amjuaye mama yake katika umati. Kwa kupima mwanga uliopungua hujulikana kiasi cha metali. Njia hii ilifunuliwa na Alan Walsh huko Australia mwaka 1955, na hata leo, palipo mashine mpya kuliko hiyo, haijaachwa.

Mashine ikimaliza hutoa tarakimu. Hapo watu wengi hudhani kazi imekwisha, kumbe ndipo inapoanza. Tuseme tarakimu ya risasi ni 60, yaani miligramu 60 katika kilo moja ya tope kavu. Ni nyingi au ni chache? Tarakimu haijui. Huambiwa na mwenziwe. Wataalamu wengi huifananisha na wastani wa miamba tabaka ya tope ya dunia, uliotolewa na Turekian na Wedepohl mwaka 1961, ambao kwa risasi ni 20, kwa kromi 90, na kwa zinki 95. Mjerumani Müller, mwaka 1969, alitengeneza ngazi ya kufananishia. Hesabu yake si ngumu: chukua kiasi ulichokipata, ukigawe kwa kiasi cha asili kilichozidishwa mara 1.5, kisha uhesabu matokeo yamerudufu mara ngapi. Ile 1.5 ni huruma ya hesabu, kwa kuwa asili yenyewe haina kipimo kimoja kila mahali. Katika mfano wetu, 60 ikigawanywa kwa 30 hupatikana 2, yaani kiasi kimerudufu mara moja. Kama ingalikuwa 120, kingalikuwa kimerudufu mara mbili. Kila kidato cha ngazi hii ni maradufu ya kidato kilicho chini yake.

Hapa ndipo penye kiini cha haki yote. Kiasi cha asili ni cha asili ya nani? Wastani wa dunia haukuzaliwa Uluguru. Miamba ya Uluguru ni ya kale. Ilipikwa na kukandamizwa ndani ya ardhi zaidi ya miaka milioni 600 iliyopita, na baadhi yake ina mawe meusi yenye chuma na magnesi, ambayo kwa tabia huweza kubeba kromi na nikeli tangu kuumbwa kwake. Mvua huyasaga mawe hayo na mto huyateremsha. Mtu akichota tope jirani na Msamvu, akalifananisha na wastani wa dunia, aweza kuona kromi imezidi akapiga kelele kwamba viwanda vimeua mto, kumbe ni mlima uliosema. Au kinyume chake: metali ambayo mlima wetu unayo kidogo mno yaweza kuongezwa na mji mara tatu, na bado isiufikie wastani wa dunia, na mpimaji akaandika kwamba hali ni njema. Kosa la kwanza ni kumhukumu asiye na hatia. La pili ni kumwachilia mkosaji.

Dawa yake ni kupanda mlima. Mpimaji achote pia tope la vijito vya juu, katika msitu wa hifadhi, mahali pasipo karakana wala shamba, na alifanye hilo kuwa mizani. Wala asitosheke na kijito kimoja, kwa sababu vijito viwili vya mlima mmoja vyaweza kupita miamba mbalimbali. Akumbuke pia kwamba Bwawa la Mindu hulizuia sehemu kubwa ya tope litokalo juu, hata tope la chini ya bwawa huwa na asili nyingine. Tena aweza kushuka badala ya kupanda: akichimbua tope lililotulia kwa miaka mingi, tabaka za chini humwonyesha mto ulivyokuwa kabla ya mji kukua. Ajabu ni kwamba risasi yenyewe humsaidia kuhesabu miaka. Iko aina moja ya risasi ambayo hupungua nusu kila baada ya miaka 22 hivi, na kwa kupungua huko tabaka za tope la karne moja au zaidi kidogo huweza kutajiwa umri wake.

Uko mpaka mwingine ambao tope halipaswi kuvukishwa. Mwaka 2000 wataalamu wa Marekani na Kanada walikusanya vipimo vya tope vilivyotumika huko na kutoa viwango viwili kwa kila metali. Kwa risasi, chini ya miligramu 35.8 kwa kilo madhara hayatarajiwi sana. Juu ya 128 madhara hutarajiwa. Lakini madhara kwa nani? Kwa vidudu wakaao topeni. Viwango hivyo havikuwekwa kwa ajili ya mtu alaye mchicha. Tena metali iliyofungwa ndani ya chembe ya jiwe haifanyi kazi sawa na ile iliyojibandika juu yake tu, ambayo tindikali kidogo, au maji kukosa hewa, huweza kuiachia. Tope lenye tarakimu kubwa laweza kumdhuru mlaji kidogo, na lenye tarakimu ndogo likamdhuru zaidi. Anayetaka kujua habari za mboga hana budi kupima mboga, pamoja na maji yanayozimwagilia.

Siku ile tuliposhuka mtoni na mwanafunzi wangu, tulimkuta mama mmoja wa makamo akimwagilia matembele na mchicha. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba, wanangu." Kijana alieleza kazi yake kwa maneno tuliyoyatafuta pamoja, na mama alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza maswali mawili. La kwanza: "Je, mboga hizi nizile au nisizile?" La pili aliliuliza kwa sauti ya chini: "Au mmekuja kupima ili mtufukuze?"

Maswali hayo nimeyabeba tangu siku hiyo, nami naona kwamba la pili ndilo zito. Sheria ya mazingira ya mwaka 2004 imekataza shughuli za watu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuuharibu mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake, na bustani nyingi za mboga ziko ndani ya mita hizo. Mama yule anajua jambo hilo. Kwake yeye, mtu mwenye daftari na mifuko ya plastiki aliyesimama mtoni hafanani na tabibu. Afanana na mtangulizi wa karani wa mahakama. Na tazama jinsi mizigo ilivyogawanywa. Risasi ya betri hakuitengeneza yeye. Vumbi la magurudumu si la gari lake. Ngozi hakuitia dawa. Hata hivyo, tope likishuhudia kuwa mto umeharibika, mtu wa karibu zaidi na mkono wa sheria ni yeye, maana wenye magari wamekwisha fika Dodoma.

Uluguru ina kumbukumbu yake juu ya jambo la namna hii. Zamani serikali ya kikoloni iliona, na iliona kweli, kwamba udongo wa mlima ulikuwa ukimomonyoka na kushukia mitoni. Ikaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi, na Waluguru wakashurutishwa kuchimba matuta ya ngazi. Udongo wa mlima ni mwembamba. Mahali pengi matuta yalileta juu udongo usio na rutuba, na kazi ilikuwa nzito bila faida iliyoonekana. Mwaka 1955 watu wa Matombo waliyakataa, ghasia zikazuka, na mpango ukaachwa. Waliopima mmomonyoko hawakuwa waongo. Walikuwa na ukweli nusu, wakauleta kwa amri, kwa watu ambao hawakuulizwa wala kuelezwa. Watu wakautupa ukweli pamoja na amri.

Nikirudi kwenye swali la kwanza la mama, jibu la haki ni hili: tope peke yake haliwezi kukuambia ule au usile. Laweza kukuambia kama mji umeutia mto kitu kisichotoka mlimani, na ni upande gani kilikoingilia. Likisema hivyo, kinachofuata ni kupanda mto hatua kwa hatua mpaka kwenye mfereji unaokileta, na kupima mboga zako kabla ya kuzihukumu. Wakati huo osha majani vizuri, maana udongo ulioshika jani huweza kuwa na metali kuliko jani lenyewe, na usiwaache watoto kula wakiwa na mikono ya tope. Hayo yote yaweza kusemwa kwa Kiswahili, bila kupunguza sayansi hata chembe. Kijana wangu aliyasema, na mama alitikisa kichwa kwa kuafiki.

Na jibu la swali la pili? Sisi wawili hatukuwa na mamlaka ya kulijibu, wala hatukumdanganya. Lakini wasomi tunayo sehemu yetu. Kila mwaka vyuo vyetu hutoa vijana wanaoweza kulihoji tope, na taarifa zao hufungwa kwa jalada gumu, kwa lugha ambayo mama yule haisomi, zikawekwa katika rafu. Taarifa isiyosomwa na mwenye mto husomwa na wengine kwa niaba yake, na si wote wamtakiao mema. Laiti kila upimaji wa mto ungalifungwa kwa kurasa chache za Kiswahili sanifu, zikieleza tope lilichotwa wapi, lilifananishwa na nini, limesema nini na halikusema nini, mkulima angaliweza kusimama mbele ya diwani au ofisa wa bonde akiwa na ushahidi mkononi. Angaliweza kusema: sumu hii yaingia kwa mfereji ule, zibeni mfereji kabla ya kuning'oa mimi.

Shahidi akiitwa mahakamani, hakimu huangalia alikuwapo au hakuwapo, na huyapima maneno yake kwa mizani iliyo sawa. Lakini iko kanuni nyingine, nayo ni ya kale kuliko mizani zote: mshitakiwa ausikie ushahidi kwa lugha aijuayo. Tope la Ngerengere ni shahidi mwaminifu, na wapo kwetu wajuao kulihoji. Lililobaki ni la mkalimani.